Kuandaa gari la 4x4 kwa kiangazi: mwongozo kamili wa kwenda Natron na kurudi bila kuvutwa

Kila mwaka ikifika Julai naanza kupigiwa simu zilezile. Gari limechemka karibu na Engaruka. Tairi la pili limepasuka, na la akiba lilishatumika tangu asubuhi. Shokapu ya nyuma imekatika na gari linarukaruka kama mbuzi. Wanaopiga si wazembe. Wengi wao walipeleka gari gereji wiki hiyohiyo, wakamwaga oili, wakaosha, wakajaza tangi, wakaamini kazi imekwisha.

Servisi hiyo inatosha kwa Arusha–Dar. Kwa njia ya vumbi wakati wa kiangazi haitoshi. Masika gari likizama kwenye tope unajua papo hapo. Kiangazi hulivunja kidogokidogo: joto linapunguza maji ya rejeta, vumbi linapenya kwenye ufa mdogo wa mpira, rasta za barabarani, yaani vile vijituta vya mfululizo, zinalegeza nati moja baada ya nyingine. Unakuja kugundua saa nane mchana, mahali pasipo kivuli wala mtandao.

Kipimo changu ni njia ya kutoka Mto wa Mbu kupita Selela na Engaruka hadi Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai, kando ya Ziwa Natron. Ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi, mchanga wa majivu ya volkano na mawe. Anayeendelea mbele hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Sale na Wasso, mlima unaokunjakunja huku jua likikupiga mgongoni. Gari lililoandaliwa kwa njia hii litamudu pia mawe meusi ya Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana kule Kenya, na njia nyingi za mbugani kati ya Juni na Oktoba.

Anza wiki tatu kabla ya safari. Siku mbili hazitoshi, kwa sababu kila kilichofunguliwa lazima kiendeshwe kilomita kadhaa kisha kikaguliwe tena.

## Kusanya hivi kwanza

Vya kazi ya nyumbani au gereji:

- kulanti (dawa ya maji ya rejeta) ya kutosha mfumo mzima, na maji yasiyo na madini (yale ya kuongezea betri yanafaa)
- mfuniko mpya wa rejeta wenye namba ileile ya mgandamizo kama wa zamani
- machujio mawili ya hewa na mawili ya dizeli: moja la kufunga, moja la kubeba
- kipimo cha upepo cha mkononi, kilicho chako mwenyewe
- kipimo cha umeme
- grisi na pampu yake
- spana, soketi, na ukiweza spana yenye kipimo cha nguvu
- kikopo kidogo cha rangi nyeupe na brashi
- tochi kali na matambara meupe

Vya kubeba:

- matairi mawili ya akiba yaliyofungwa kwenye ringi
- kompresa ya kuunga kwenye betri, na seti ya kuziba pancha
- jeki, pamoja na ubao mnene wa kama sentimita 30 kwa 30 wa kuiwekea chini
- chepe
- kamba ya kuvutia na vishikizo vyake vya chuma vyenye pini
- mkanda wa feni, mipira ya rejeta ya juu na ya chini, klipu, fyuzi, waya wa kufungia, gundi ya chuma
- maji ya kunywa lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na lita 20 za gari peke yake
- kizima moto cha unga na sanduku la huduma ya kwanza

Maji ya gari yatie kwenye dumu la rangi tofauti. Nimeona watu wakimimina maji yao ya mwisho ya kunywa kwenye rejeta inayovuja. Hilo ni kosa la kupanga, na hatari yake ni ya uhai.

## Hatua ya 1: Mfumo wa kupoza injini

Naanza hapa kwa sababu hii ndiyo hitilafu isiyo na matengenezo ya porini. Pancha utaziba, springi utafunga kwa waya na mbao, lakini silinda hedi ikishapinda au kupasuka, gari linarudi mjini juu ya lori. Wenye Prado za injini ya 1KZ wanalijua hili vizuri: injini ile haisamehi kuchemka hata mara moja.

Osha rejeta nje kwanza. Chukua tochi, chungulia kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi iliyo mbele yake. Utakuta mbegu za majani, panzi waliokauka na vumbi lililogandamana kama udongo wa tanuri. Hewa haipiti hapo. Pitisha maji ya mpira wa bustani kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utokee ulikoingilia. Usitumie mashine ya kuoshea yenye nguvu. Inalaza mapezi ya rejeta na kuharibu zaidi.

Mwaga kulanti ya zamani, weka mpya nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Maji ya bomba huacha ukoko uleule unaouona ndani ya birika la chai, na ukoko huo huziba vijia vya rejeta. Kulanti nayo huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Angalia usiimwage chini: ni sumu, ina utamu, na mbwa au mtoto anaweza kuilamba.

Badilisha mfuniko wa rejeta. Watu hawauhesabu kama spea, lakini bila wenyewe mfumo mzima hauna maana. Arusha mjini, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima wa mgandamizo wa baa 0.9 hupandisha kiwango hicho kwa karibu nyuzi 20. Mpira wake ukichoka, umepoteza nyuzi hizo zote. Ukwaruze kwa ukucha: ukikuta ni mgumu kama plastiki, au una mchirizi uliobonyea, tupa.

Kagua thamostati, ile valvu inayofungua njia ya kwenda kwenye rejeta maji yakipata moto, na usikubali itolewe. Fundi wengi watakuambia, "Bosi, tuitoe tu hii, nchi ya joto haihitaji." Mjibu kwa heshima: "Hapana, fundi, weka mpya." Kwenye injini nyingi, 1HZ ya Land Cruiser ikiwemo, sahani ya chini ya thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Tambarare gari litakwenda baridi na utafurahi. Ukianza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa na mzigo, litachemka, na wewe utalaumu rejeta.

Kuipima ni rahisi. Itie kwenye sufuria ya maji, pasha taratibu ukitumia kipimajoto. Nyuzi za kufunguka zimechongwa juu yake, mara nyingi 76, 82 au 88. Isipofunguka karibu na namba hiyo, nunua nyingine.

Shika feni kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kama feni yako ina klachi ya mafuta katikati, isukume. Ikizunguka mizunguko mingi bila kubanwa na kitu, au kukiwa na mafuta yaliyonata vumbi kuzunguka kitovu chake, klachi imekwisha. Huo ni ugonjwa usioonekana kwenye lami, kwa sababu huko upepo wa mwendo unasaidia. Kwenye mchanga unakwenda kilomita 15 kwa saa, injini inaunguruma, na feni peke yake ndiyo inayopuliza.

Minya mipira yote ya maji. Mpira mzima unarudi kama ndizi mbichi. Ulionyauka unabonyea kama ndizi iliyoiva sana, na ulioungua unatoa mlio wa kupasuka ndani. Yote miwili badilisha.

Mwisho, funga neti mbele ya rejeta. Mwezi Juni majani bado ni marefu baada ya mvua, na mbegu zake huziba rejeta safi kwa siku moja. Kipande cha neti ya dirisha kinatosha, ilimradi unakitoa na kukikung'uta kila jioni.

*Utajua umefaulu:* gari likiunguruma mahali pamoja dakika 15 mchana, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mshale hausogei. Lakini usiuamini mshale peke yake. Magari mengi ya Toyota yametengenezwa hivi kwamba mshale hukaa katikati hata joto likipanda nyuzi kadhaa, na ukianza kusogea tayari umechelewa. Kisomeo cha kuunga kwenye simu kwa magari mapya, au kipimo cha kuongeza kwa yale ya zamani, ni fedha iliyotumika vizuri.

## Hatua ya 2: Njia ya hewa

Watu hubadilisha chujio la hewa na kusahau kila kinacholizunguka. Vumbi la njia ya Engaruka ni laini mno, asili yake ni majivu ya volkano, na halihitaji tundu kubwa.

Fanya hivi. Fungua mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini. Futa ndani yake kwa kidole ulichokizungushia kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka safi, vizuri. Kikitoka na unga wa rangi ya kahawia, laini kama wa ulezi, jua kwamba injini imekuwa ikila vumbi, hata kama chujio ni jipya kutoka dukani. Niliwahi kupata unga huo kwenye gari nililolipenda sana. Chanzo kilikuwa ufa usiozidi sentimita mbili upande wa chini wa mpira, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uukunje. Ringi za pistoni zilikuwa zimeshalika.

Basi ukunje mpira wote, kila mkunjo, ukitafuta ufa. Hakikisha klipu zote zimekaza na kisanduku cha chujio kinafunga mzunguko mzima. Klipu moja iliyopinda inatosha kuharibu injini.

Njiani, kung'uta chujio kila jioni kwa kuligonga taratibu juu ya tairi. Ukitumia kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, upepo mdogo, ukiwa mbali kidogo. Kupuliza kwa nguvu kunatoboa karatasi, na tundu hilo hulioni.

Chujio la dizeli nalo libadilishwe sasa. Kwenye vijiji vya mbali mafuta huuzwa kwenye madumu yaliyopita mikono mingi. Ukilazimika kununua huko, chuja kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, acha kikombe cha mwisho kwenye dumu, na jioni fungua koki ndogo iliyo chini ya chujio utoe maji yaliyotuama.

## Hatua ya 3: Matairi

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na sababu huwa mbili: umri wa tairi, na upepo.

Soma umri wa tairi. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wa mlolongo wake kuna tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwaka 2018 nilinunua matairi manne "mapya" kwenye duka moja mjini. Yalikuwa na vinyweleo vya mpira, yananukia upya, na bei ilikuwa nzuri. La kwanza lilipasuka kabla sijafika Selela, la pili siku iliyofuata. Nilipolala chini ya gari kutafuta chanzo ndipo nikasoma tarakimu: 0911. Yalikuwa yamekaa miaka saba bila kutumika, na mpira ulikuwa umekauka ukiwa dukani. Tangu siku hiyo sitoi shilingi kabla ya kuinama na kusoma. Kwa njia hizi sifungi tairi lililozidi miaka sita, hata kama meno yake ni marefu.

Kagua ubavu wa ndani. Lala chini na tochi. Mikato mibaya huwa upande usiouona ukiwa umesimama. Pancha ya uso wa tairi inazibika, ya ubavuni haizibiki. Tairi lenye nundu ubavuni halifai hata kuwa la akiba.

Shusha tairi la akiba mpaka chini. Kwenye magari yanayolibeba chini ya sakafu, mnyororo wake huganda kwa kutu na tope. Nenda nao chini na juu mara tatu, paka grisi. Kisha legeza nati zote za magurudumu kwa spana ileile iliyo ndani ya gari. Vijana wa pancha hukaza kwa mashine, na spana fupi ya gari haiwezi kuzifungua. Afadhali ujue nyumbani.

Jifunze upepo. Anza na namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, ile ya gari lenye mzigo, ukipima asubuhi matairi yakiwa baridi. Hiyo ni ya lami. Kwenye vumbi na mawe punguza kama sehemu moja ya tano: aliyekuwa na PSI 35 ashuke hadi 28. Tairi lililolegea kidogo hulikumbatia jiwe. Lililojaa hugongana nalo na kukatika, na rasta zote zinahamia kwenye shokapu. Kwenye mchanga mzito shuka hadi 18, na ukikwama kabisa 15.

Tahadhari hapa ni kubwa. Upepo ukipungua, kasi lazima ipungue. Kwa 28 usizidi kilomita 60 kwa saa. Kwa 18 usizidi 30, na usikate kona ghafla, tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi. Ukitoka mchangani simama ujaze. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hukunjika kila mzunguko, linajipika lenyewe, na kupasuka. Matairi mengi yanayolaumiwa "ubovu" yaliuawa hivi.

*Utajua umefaulu:* pima baridi, endesha saa moja, pima tena. Kwenye lami ongezeko liwe kama PSI 4, kwenye vumbi lisizidi 6. Likizidi, upepo ulikuwa mdogo kwa mzigo huo au ulikuwa unakimbia mno. Usitoe upepo kwa sababu tu namba imepanda tairi likiwa la moto. Punguza kasi, na asubuhi uongeze.

## Hatua ya 4: Miguu ya gari

Peleka gari kwa fundi wa miguu unayemwamini, na simama naye. Usimwachie funguo ukaenda kunywa chai.

Gurudumu likiwa juu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi au boljointi imechoka. Lishike kushoto na kulia, tikisa tena. Likicheza hapo, tafuta kwenye tairodi. Kagua bushi zote kwa mtaimbo mdogo: mpira uliochanika unaonekana ukiubinua. Paka grisi kila nipeli ya propela shafti mpaka grisi ya zamani itoke na mpya ionekane.

Shokapu yenye mafuta yanayotiririka ibadilishwe, pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Kumbuka kwamba shokapu hubadili mtikisiko kuwa joto. Kuna njia ya kuijua iliyokufa ambayo gereji nyingi haziitumii: baada ya kilomita 20 za rasta, simama, usogeze mkono karibu na kila moja bila kuishika, kwani inaunguza. Tatu zikiwa za moto na moja baridi, hiyo baridi haifanyi kazi.

Kisha chukua rangi nyeupe. Kaza kila nati ya gurudumu kwa nguvu inayotakiwa, halafu piga mstari mmoja mwembamba unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye ringi. Fanya hivyohivyo kwenye bolti za shokapu, za springi na za kibebeo cha juu ya gari. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Kazi ya saa moja nyumbani inakupa ukaguzi wa dakika mbili kila kituo, na hata abiria asiyejua gari anaweza kukusaidia kuangalia.

Kuhusu mwendo kwenye rasta: kuna ushauri wa kukimbia 80 ili gari "lielee" juu yake. Ni kweli mtikisiko hupungua, lakini matairi yanagusa ardhi kwa vipindi, na kwenye kona au mbele ya ng'ombe hutaweza kusimama. Naenda 40 hadi 50 na upepo uliopunguzwa. Nafika baadaye kidogo, na gari likiwa na bolti zake zote.

## Hatua ya 5: Breki, gia na umeme

Mafuta ya breki hufyonza unyevu. Yakiwa ya zamani huchemka kwenye mteremko mrefu, na kanyagio linazama. Kama yana zaidi ya miaka miwili, toa yote. Kwenye mteremko tumia gia iliyotumika kupandia.

Washa 4H (4x4 ya mwendo wa kawaida) na 4L (ya mwendo mdogo wenye nguvu) kabla ya safari, kwenye udongo, usiwe kwenye lami kavu: huko mhimili wa mbele na wa nyuma hubanana na kuumiza gia. Magari ya mjini hukaa mwaka mzima bila kuwekwa 4x4, na mitambo yake hushika. Taa ikiwaka kwenye dashibodi bado haijathibitisha kitu. Panda lundo la mchanga uhakikishe magurudumu ya mbele yanavuta.

Betri iliyopumzika usiku isome volti 12.6 au zaidi, na injini ikiunguruma kati ya 13.8 na 14.4. Muhimu zaidi ni kishikizo chake: betri inayocheza hupasuka sahani ndani. Itikise kwa mkono, isisogee hata kidogo.

## Hatua ya 6: Mzigo

Vizito chini na mbele ya mhimili wa nyuma. Vyepesi juu. Kila gari lina kiwango cha uzito wa juu ya paa kwenye kitabu chake, na tairi moja la akiba pamoja na madumu mawili ya mafuta hukimaliza upesi. Lita 20 za dizeli ni karibu kilo 17.

Petroli isikae ndani pamoja na watu. Kamba ya kuvutia, chepe na jeki viwe mahali unapovifikia bila kushusha mabegi.

Onyo la kuvuta gari: usifunge kamba kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia trela. Kimevunjika na kuruka kama risasi, na kimeua watu. Funga kwenye ndoano zilizoshikwa na chasisi, tandaza blanketi zito juu ya kamba, na watu wote wakae mbali mara mbili ya urefu wa kamba.

## Hatua ya 7: Safari ya majaribio

Wiki moja kabla, pakia kila kitu, watu wakiwemo, uendeshe saa mbili au tatu. Tafuta mlima. Kwa walio Arusha, kupanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu kunatosha. Walio Nairobi wapande kutoka Mai Mahiu. Nenda mchana, jua likiwa kali, kwa sababu asubuhi kila gari ni zima. Kisha tafuta kilomita 30 za vumbi.

Ukirudi, acha gari lipoe usiku. Asubuhi lala chini kwenye kipande cha boksi: tafuta tone lolote, angalia mistari meupe, angalia kiwango cha kulanti kwenye kopo lake, rudia kitambaa cheupe ndani ya mpira wa hewa.

*Utajua umefaulu:* kulanti haijashuka, kitambaa ni safi, mistari yote iko mizima. Kimoja kikikataa, rekebisha na urudie jaribio lote. Ukiahirisha safari kwa wiki moja, Lengai itakuwa palepale.

## Hatua ya 8: Njiani

Mwachie mtu nyumbani njia utakayopita na saa ambayo akikosa taarifa zako aanze kutafuta. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka Mto wa Mbu. Beba fedha taslimu za mageti ya ushuru.

Simama kila saa moja. Zunguka gari, angalia mistari, gusa kila kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono. Kilicho cha moto kuliko wenzake kina beringi au breki inayobana. Chungulia chini uondoe majani makavu yaliyojikusanya karibu na ekzosi. Magari yameungua hivi, hasa ya kisasa yenye vichujio vya moshi ambavyo hupata joto kali sana. Kwa sababu hiyohiyo usiegeshe juu ya majani marefu.

Joto likianza kupanda:

1. Zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho. Utaungua miguu, lakini hita ni rejeta ya pili.
2. Punguza mwendo, kisha simama ukielekeza pua ya gari upepo unakotoka.
3. Kama feni inazunguka na maji hayamwagiki, acha injini iungurume hadi joto lishuke, ndipo uzime. Kama mkanda umekatika au mpira umepasuka, zima mara moja.
4. Usifungue mfuniko. Subiri hadi uweze kushika mpira wa juu wa rejeta bila kuondoa mkono, dakika 45 au zaidi.
5. Funika mfuniko kwa tambara zito, zungusha robo, acha pumzi itoke, ndipo ufungue.
6. Ongeza maji kidogokidogo injini ikiunguruma. Maji baridi kwa wingi kwenye injini ya moto hupasua chuma.

Ukifika Natron, baki kwenye njia. Ganda la magadi kando ya ziwa linaonekana gumu kama saruji, lakini chini yake ni tope, na gari lililopasua ganda hilo huzama hadi kwenye sakafu.

## Ukirudi nyumbani

Siku ileile au kesho yake, osha chini ya gari kwa maji mengi safi, hasa chasisi, breki na nyuma ya ringi. Vumbi la huko limechanganyika na magadi, na likikutana na unyevu wa Arusha linaanza kula chuma.

Toa chujio la hewa, pitisha kitambaa cheupe mara ya mwisho, kaza nati zote, rudisha upepo wa lami. Kisha andika kwenye daftari tarehe, kilomita, na kila kilicholegea, hata kama ni bolti moja ya kibebeo. Fundi wako mpe ukurasa huo kabla ya safari ijayo.